Filimbi ya Kuachia

Aliyepiga filimbi siku ile ya mnada ni mimi. Siyo Tarishi. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu najijua: nikiliacha mpaka mwisho nitakuwa nimeshatafuta kichekesho cha kulifunika.

Kata yetu iko njiani, ukitoka Kharumwa kuelekea Geita, na uwanja wa mnada unatazamana na ofisi ya kata. Mbele ya ofisi kuna mlingoti. Saa kumi na mbili asubuhi bendera inapanda, saa kumi na mbili jioni inashuka, na filimbi ikilia kila aliye karibu anasimama papo hapo alipo. Mwenye baiskeli anashuka. Anayetafuna anaacha kutafuna. Filimbi ya kwanza inasimamisha watu, ya pili inawaachia. Nimesikia kuna miji ambako siku hizi watu wanapita tu, lakini kwetu hapana, na sababu ilikuwa Tarishi, mzee wa ofisi aliyeitunza bendera hiyo.

Basi siku hiyo mwalimu wa michezo alikuwa amenipa filimbi yake nimtunzie, jambo ambalo mwalimu yeyote anayenifahamu vizuri asingelifanya. Ilikuwa alasiri, wingu limefunga upande wa Geita, mnada umejaa. Nikajibanza nyuma ya banda la mitumba, nikapuliza. Nilidhani watashtuka wawili watatu, nicheke, niende zangu. Ulisimama mnada mzima. Dalali wa ng'ombe alisimama na fimbo hewani. Mzee mmoja aliyekuwa anajaribu suruali alisimama na mguu mmoja ndani, mwingine nje. Waliokuwa wanatembea ni ng'ombe peke yao. Watu wote wale wana saa kwenye simu zao, lakini filimbi inaingia miguuni kabla haijafika kichwani.

Nikachomoa simu ya kaka yangu Kulwa, nikarekodi. Na hapo ndipo upumbavu ulipokomaa, maana nilicheka mpaka pumzi ya kupuliza mara ya pili sikuwa nayo. Wakaendelea kusimama, wanaitazama bendera, bendera haishuki, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea. Mama yangu anauza maandazi pale. Kwenye video anaonekana ameshika kijiko cha matundu, macho kwenye mlingoti, na mbele yake maandazi yanatoka rangi ya dhahabu, yanakuwa kahawia, yanakuwa meusi, moshi unapanda, na mama hasogei.

Mwishowe Tarishi akatokea nyuma ya ofisi, nusu ya kidevu ina povu la sabuni, wembe mkononi. Akawatazama watu. Akaitazama bendera. Akawatazama tena watu. Kisha akatoa filimbi yake mfukoni, akapuliza ya kuachia. Uwanja wote ulimwona yeye na filimbi mdomoni. Mimi hakuna aliyeniona. Ndivyo kosa langu lilivyopata mwenyewe.

Wakati huo hata tarishi hakuwa tena. Serikali ilishabadilisha jina la kazi yake ikamwita mhudumu wa ofisi, baadaye ikamstaafisha, na watu wakayakataa yote mawili. Alistaafu Ijumaa, Jumatatu akaja kazini. Mtendaji wa kata wa enzi hizo alidhani mzee kasahau kitu ofisini. Watendaji wamekuja na kuhamishwa, yeye na bendera wamebaki.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na kaptura yake ya kaki aliipiga pasi ya mkaa mpaka kunjo lake lingeweza kukata nyanya. Baiskeli alikuwa nayo lakini aliipanda mara chache. Aliisukuma pembeni taratibu, kama mtu anayempeleka mgonjwa zahanati. Alisema serikali haiji inahema. Yeye alitamka "selikali", kama wazee wengi wa kwetu, na mimi nilimwiga hivyo hivyo mbele ya darasa, shingo mbele, baiskeli ya kufikirika mkononi. Nilipigiwa makofi. Jina langu Shija, yaani niliyezaliwa nyuma ya mapacha, na mama husema akili zilipofika kwangu Kulwa na Doto walikuwa wameshazimaliza, zikabaki mbwembwe.

Kazi yake kubwa, kabla ya bendera kumfanya maarufu, ilikuwa kuita watu. Ukidaiwa mchango wa darasa, ukigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, ng'ombe wako akila pamba ya mtu, Tarishi alikuja. Na alikuja kama watu wawili. Nakumbuka alivyokuja kwetu nilipokuwa mdogo. Alisimama mlangoni na kofia kichwani, akakaza sauti, akasema serikali inawataka mlete mchango wa darasa kabla ya Ijumaa, asiyeleta mgambo watapita. Halafu akavua kofia, akaomba maji, akakaa, akauliza habari za viazi. Alipomaliza kunywa akamwambia mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi jirani yako nasema mgambo watapita Alhamisi. Kuku wapeleke kwa dada yako." Kisha akavaa kofia, akatoka bila kuaga, kwa sababu mwenye kofia hakuwa amekunywa maji kwetu.

Usidhani alikuwa malaika. Watu waliofika ofisini aliwakalisha kwenye benchi la mbao la barazani hata kama Mtendaji yuko ndani hana kazi anakata kucha. Ofisi inayoingilika upesi, alisema, watu wataizoea kama duka. Na yeye aliyetusimamisha wote kwa ajili ya bendera, siku ya sherehe ya Uhuru mgeni rasmi alipoanza hotuba alisinzia kwenye kiti cha mbele mpaka kofia ikaanguka.

Jengo lile la ofisi lilikuwa baraza la mtemi. Baadaye yule mzungu wa wilaya, Bwana Shauri, akawa anakuja kukaa humo humo na mtemi kusikiliza kesi na kudai kodi. Chumba kidogo cha nyuma, walichofungia wasiolipa, sasa kinahifadhi mbolea. Mpaka leo watu wakifika mlangoni wanavua viatu, na hakuna anayewaambia wavue. Mtendaji tuliye naye sasa ni dada kijana wa chuo kikuu, hapendi mambo hayo, akabandika tangazo mlangoni kwamba wananchi waingie na viatu. Watu wakawa wanavua viatu kwanza, ndipo wanasogea kulisoma. Alimwuliza Tarishi sababu ni nini. Tarishi akasema zamani viatu na silaha viliachwa nje kwa heshima ya mtemi, Bwana Shauri akakuta viko nje akafurahi, na Uhuru nao ulikuta viko nje. Hakuna aliyetoka kuwaambia watu wavae.

Huyo huyo Mtendaji ndiye aliyekuwa anasumbuka naye kila asubuhi kwenye salamu. Dada wa watu anaona mzee, anasema shikamoo. Tarishi anaona mkubwa wa ofisi, naye anasema shikamoo. Shikamoo mbili zinagongana mlangoni, marahaba haipo. Siku moja Tarishi akamwekea utaratibu: humu ndani nakuamkia mimi, maana naamkia kiti, tukitoka nje uniamkie wewe, maana unaamkia mzee. Wakaishi hivyo. Mtendaji aliitikia marahaba ya ndani huku anatazama chini kwa aibu.

Mwalimu wetu wa historia alitupa kazi tueleze vyombo vya serikali ya kikoloni vilibadilikaje baada ya uhuru. Wenzangu walinakili kitabuni. Mimi kwa uvivu nikaenda kwa Tarishi, nikijua atanipa majibu ya kuchekesha. Aliniambia yeye hakuwakuta wakoloni, aliikuta nchi imeshajitawala. Aliyemfundisha kazi ndiye aliyewatumikia mtemi na Bwana Shauri wote wawili. Akasema walishusha bendera moja wakapandisha nyingine, mlingoti ni ule ule. Nikamwuliza, na kamba? Akasema kamba aliibadilisha yeye, ile ya zamani ilikuwa inakwama. Nikaandika hivyo hivyo. Mwalimu aliniwekea mkasi mwekundu wa kukosa, akaandika pembeni: acha utani.

Sasa, ile video. Niliituma kwenye kundi la wanafunzi, kesho yake ilikuwa Tinde kwa shangazi, na shangazi akamrudishia mama. Mama akawa Mama Mkaa. Wachimbaji wanaopita kwenda Rwamgasa walikuwa wanasimamisha pikipiki kuulizia kama maandazi ya mkaa yapo leo. Mama alijibu kwa ucheshi, lakini nilimwona jioni anavyolisugua lile karai, kwa hasira ambayo karai halikustahili.

Video ikafika wilayani. Wakaja mabwana wawili na gari. Sisi tusio na kazi tulijipanga chini ya dirisha la ofisi. Mtendaji ndiye aliyeuliza, kwa upole, maana alimpenda yule mzee: siku ile ilikuwaje? Niliweza kumwona Tarishi kupitia nondo za dirisha, amesimama, kofia kichwani. Akasema wingu lilifunga, akaona ni jioni, alikosea.

Bwana mmoja akasema kuna watu wanadai sauti ilitokea upande wa mitumba. Kuna filimbi nyingine?

"Hapana," Tarishi akasema upesi. "Filimbi ya serikali ni moja."

Nilikuwa pale. Mdomo huu ambao haujawahi kushindwa kusema neno ulifungwa kama umeshonwa. Wakamshukuru kwa utumishi wake, wakamwambia mzee sasa apumzike kweli kweli, akaiweka filimbi mezani. Alipotoka nje alilinyoosha kwanza lile benchi la mbao la barazani, kama kawaida yake, likae sawa na ukuta. Akapita mbele yangu. Nikasema shikamoo babu. Akasema marahaba. Basi.

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu. Lakini wiki ile ile nilitunga igizo. Nilisimama mbele ya kidato cha tatu kizima, nikajipaka povu la sabuni kidevuni, nikatoka nyuma ya ubao nikitazama jua lisilokuwepo, nikauliza kama sasa ni jana au kesho. Walianguka kwa kicheko. Nimewahi kuchekesha mara nyingi, sijawahi kuchekesha vile, na nilichokuwa nachekesha nacho kilikuwa kosa langu mwenyewe, nimemvisha mzee wa watu.

Bendera akapewa kijana mmoja wa mgambo, mwenye vipokea sauti masikioni muda wote. Siyo mtu mbaya. Anasahau tu. Kuna usiku bendera ililala nje ikanyeshewa. Kuna jioni anasimamisha watu, anashusha, anaikunja chini ya kwapa, anaondoka zake, filimbi ya pili hapigi. Mwanzoni watu walisubiri. Baadaye wakawa wanatazamana na kuondoka. Sasa hivi wengine hawasimami hata ile ya kwanza. Bodaboda wanapita wanapiga honi. Mtendaji alinung'unika mkutanoni kwamba hata wito wake watu hawaendi, wanasema kama jambo lina haraka atarudia. Sisemi yote ni kwa sababu yangu. Nasema nilikuwepo yalipoanza.

Mwezi uliopita mama alinituma kwa Tarishi nimpelekee maandazi. Alikuwa anafanya hivyo kila baada ya siku kadhaa, kwa huruma, kwamba mzee wa watu saa zilimchanganya na hana mtu wa kumpikia. Yaani aliyeitwa Mama Mkaa anampelekea maandazi yule anayemdhani ndiye aliyeyaunguza, na mbebaji ni mimi. Kila safari nilikuwa naweka mfuko mlangoni, nabisha hodi, nakimbia.

Siku hiyo nilimkuta nje, ng'ambo ya majaruba ya mpunga, anapepeta choroko. Sikuwahi kukimbia. Nikaamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Kabla sijakaa, upande wa barabarani filimbi ikalia, mbali, nyembamba. Akaweka ungo chini, akainuka, akanyooka, uso kuelekea ofisini ambako kutoka pale huoni chochote isipokuwa mpunga. Nami nikasimama. Tukangoja ya pili. Haikuja.

"Amesahau tena," akasema, bila kugeuza shingo.

"Babu, si tukae tu. Hakuna anayetuona."

"Wewe siku ile nani alikuona?"

Hapo kukaa ndiyo sikuweza tena. Nikamwuliza, nami nikitazama mpunga, tangu lini anajua.

"Tangu nina povu kidevuni. Watu wote walikuwa wanatazama bendera. Mmoja alikuwa anatazama watu."

Nilimwuliza kwa nini hakunitaja. Akasema mzee akipotewa na saa ni jambo dogo, anapumzishwa, anawekwa mwingine, watu wanaendelea. Lakini angesema kuna filimbi nyingine mtaani, kuanzia siku hiyo kila ikilia watu wangeulizana hii ni ya nani. Alitaka kuwaepusha na swali hilo. Halafu akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Na sasa wanauliza vile vile. Nilijitoa bure."

Nikasema babu nisamehe. Ilitoka ndogo kama sauti ya mtu mwingine.

Akauliza, "Ilikuwa tamu?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema ilikuwa tamu.

"Najua. Hata mimi ilinilevya."

Akanieleza, tukiwa bado tumesimama kama miti. Mwaka ule dhahabu ilipoonekana jirani na kwetu watu wakafurika, alikuja mnunuzi mmoja kijana, akamcheka kaptura yake mbele ya watu. Jioni yake filimbi ikamkuta yule kijana katikati ya uwanja, akasimama kama wengine. Tarishi akashusha bendera. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja upya, anamtazama. Hakuachia. Kijana yule alisimama vizuri tu, anatabasamu, ana viatu vizuri. Ila pembeni kulikuwa na bibi ana ndoo ya maji kichwani, alikuwa anapita. Alisimama mpaka shingo ikamshinda, ndoo ikaanguka, naye akaangukia juu yake, akateguka nyonga. Hakutembea tena vizuri mpaka anakufa. Hakumlaumu mtu. Alisema serikali ilichelewa kidogo siku ile.

"Aliyenifundisha aliniambia," akasema Tarishi, "kusimamisha watu hata mtoto anaweza. Wakoloni waliweza, mtemi aliweza. Kazi iko kwenye kuachia. Sikumsikia, na wewe hukuwa na wa kukuambia. Kwa hiyo usiende na uchungu sana, ng'wana wane."

Aliponiita mwanangu nikaona heri angenichapa.

Jua lilikuwa limeshazama. Akabana midomo, akapiga mluzi mmoja, mfupi, wa mdomo mtupu. Tukakaa. Akala andazi moja, akasema mama yangu ameongeza iliki, akaniambia lile jambo limeshapoa, nisilifukue, niende giza linaingia.

Nilimkuta mama anakanda unga wa kesho. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: filimbi, banda la mitumba, simu ya Kulwa, dirisha la ofisi, igizo la povu. Hakuinua kichwa. Simulizi ilipofika kwa Tarishi nikasema na yeye alijua siku zote akanyamaza, na amesema tuliache. Nililisema hilo kwa matumaini, kama mtu anayetoa kitambulisho. Mama aliendelea kukanda mpaka nilipomaliza kabisa. Kisha akakwangua unga vidoleni, akaufunika kwa sahani, akasema hivi:

"Yeye alinyamaza ili serikali isichekwe. Wewe ulinyamaza ili usichapwe. Usijifananishe naye. Nipe kanga yangu hapo, tunakwenda kwa Mtendaji sasa hivi. Na tukifika, usimchekeshe mtu."